Mlango wa Rufaa

Mama fundi cherehani alisukuma mlango wa bodi ya rufaa, akaduwaa. Mezani alikaa mwenyekiti yule yule wa bodi ya mipango miji, aliyeamuru nyumba yake ivunjwe kupisha maghala. Hata kifungo cha shati lake kilikuwa bado kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Samahani baba, nimekosea mlango. Nawatafuta watu wa rufaa."

"Ndio sisi, mama. Bodi zote mbili zimeunganishwa." Akafungua kalamu, akatabasamu kwa upole. "Haya, tueleze. Uamuzi unaoupinga ulitolewa na nani?"

Mama akakikodolea macho kile kifungo. 

"Hicho kitadondoka, baba," akasema.