Betri za Burulai

Asubuhi nilifukua ndoo niliyoizika thelujini tangu jana. Ndani mlikuwa na vifaa vitatu vya redio vya kuonyesha mtu alipo, kila kimoja na aina yake ya betri.

Dada yangu Burulai alikuwa ameshatandika farasi. Alikuwa anavuka mlima kumpelekea mumewe dawa za kondoo. Mwaka jana nilimpa betri nilizozipima kando ya jiko. Zilikufa kwa baridi kabla hajafika kileleni, tukamtafuta siku mbili.

“Kaka, leo umezipima wapi?”

“Kwenye theluji.”

“Afadhali. Mwaka jana jiko halikupotea, nilipotea mimi.”

Kifaa cha kwanza kilikuwa kimezimika. Cha pili, chenye betri nzito nilizoziamini, kimezimika pia. Kwenye cha tatu, taa nyekundu ilikuwa bado inawaka na kuzimika. Betri zake za lithiamu ni nyepesi mno.

“Hizi hata kuku angezibeba,” alisema.

“Na kuku huyo angeonekana kwenye ramani.”

Alicheka, akakifunga begani.

Saa saba mchana, nukta yake kwenye ramani ya kompyuta yangu ilifika kileleni. Chai ilipoa mkononi mwangu. Kisha nukta ikaanza kuteremka upande wa pili, kwa mumewe.