Maganda Mawili ya Jiwe

Dada wa mumewe alisimama mlangoni. "Wifi, gari lenye maiti limefika. Wanakusubiri."

"Nakuja," Skolastika akajibu, lakini hakuinuka.

Mezani kulikuwa na maganda mawili ya konokono wa bahari, yaliyogeuka mawe kabla ua la kwanza halijachanua duniani. La kwanza walikuwa nalo tangu yeye na mumewe wasomee miamba huko Urusi. La pili lilitumwa na rafiki yao, na mumewe alilifuata posta Sumbawanga ili wamalize ubishi. Mke alisema maganda hayo ni ya jamii moja, mume, mbili. Wakati wa kurudi, lori alilopanda likapinduka karibu na Sitalike.

Ganda lilikutwa mfukoni mwake.

Skolastika alilisugua kwa mswaki mpaka tope likatoka kwenye mizunguko yake. Akayasimamisha yote mawili, ncha juu, midomo ikimwelekea. La kwanza lilifungukia kulia. La pili, kushoto; na konokono wa jamii moja karibu wote hufungukia upande mmoja.

Nje vilio vilianza.

"Wifi," akaita, kwa sauti ya darasani, "njoo uone. Kaka yako alisema kweli. Ni jamii mbili."