Mkono wa Tawodi

Kwa siku sita Tawodi alikuwa hajamgusa mwanamke wala mtoto mchanga, kama miiko ya wachezaji wa Kicherokee ilivyotaka; aliyeivunja aliaminiwa kuwaletea wenzake mkosi uwanjani. Kesho yake mji wao ungecheza mpira wa vijiti na mji wa ng'ambo ya mto, na hakuna aliyekimbia kama yeye.

Alikuwa mtoni akioga, dada yake Awinita alipovuka juu ya mawe, mtoto kifuani. Awinita akateleza. Tawodi alijirusha, akamdaka mpwa wake kabla maji hayajamchukua.

Awinita alijikokota hadi ukingoni, akampokea mtoto. "Hakuna aliyetuona," alisema. "Nyamaza tu, kaka. Watu wote wanakutegemea."

Tawodi alikaa, akasimama, akakaa tena. Aliusugua mkono wake kwa mchanga hadi ukawasha. Je, mwenzake akivunjika mguu uwanjani kesho, atamtazamaje usoni?

Jioni mganga aliwapanga wachezaji, akawachanja mikono mmoja mmoja kwa kitana cha mfupa wa bata mzinga, ili wapate nguvu. Zamu ya Tawodi ilipofika, hakutoa mkono.

"Nimemshika mtoto, babu. Leo, kule mtoni. Alikuwa anazama."

Mganga alishusha kitana. "Yu hai?"

"Yu hai."

Mganga akamwita aliyefuata, bila kumchanja.

Tawodi alitoka mstarini bila kujua aelekee wapi. Nyuma yake ngoma ya wachezaji ilianza kulia, na miguu yake, kwa mazoea, ikaanza kuifuata.