Ukuta wa Keremkerem

Mjini pale hapakuwa na mtu aliyejua udongo kumshinda Bi Sikudhani. Zamani walikuwa wawili, mwenzake akafa, ndipo yeye akawa wa kwanza. Lakini siku ile alikuwa hoi, na tajiri wake, Bwana Mbaruku, alikuwa amesimama chimboni akiutazama ukuta mwekundu uliotobolewa na keremkerem, wale ndege wa kijani wanaokula nyuki.

"Kesho bomoeni hapa. Watu wanataka matofali."

Mle tunduni makinda walikuwa wakilia; hata manyoya hawajaota. Bi Sikudhani akajikalisha juu ya ndoo, mgongo ukimuuma.

"Udongo huo una chumvi, baba. Ukiingia tanurini unapasuka. Tuchimbe kule nyuma, kwenye ule wa kijivu."

"Kule mbali. Mtachoka."

"Tumeshachoka. Hatutaona tofauti."

Bwana Mbaruku akacheka, akageuka kwenda zake. Harufu ya chai ikamrudisha. Birika lilikuwa likichemka juu ya jiko la udongo ambalo Bi Sikudhani alilifinyanga na kulichoma mwenyewe. Bwana Mbaruku akainama, akaligonga kwa ukucha. Lililia kama kengele, halina hata ufa.

"Na hili ulitoa wapi udongo wake?"

"Kule nyuma, baba."

Jiko lilikuwa jekundu, rangi ileile ya ukuta. Bwana Mbaruku akalitazama, akautazama ukuta. Keremkerem mmoja akapita kati yao na nyuki mdomoni, akazama tunduni. "Haya, kesho chimbeni kule nyuma," Bwana Mbaruku akasema.

Bi Sikudhani akamimina chai, akaijaza mpaka ikafurika kisahanini.