Sahani ya Mwanasiti

Sheria ya jiji inatutaka sisi tunaofanya kazi mtandaoni tuhame fleti kila baada ya siku thelathini. Siku hizi hakuna anayelalamika. Nilipopangiwa Kizingo, jirani yangu Mwanasiti aliniletea vitumbua. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, lakini kazi zilinibana. Siku ya thelathini ndipo nilipompikia pilau, nikapiga hodi.

Akafungua mwanamume. "Mwanasiti alishahama, dada. Jirani yako sasa ni mimi."

Nikamkabidhi pilau, akashukuru.

Jioni ile nikahamia fleti nyingine. Kabla sijafungua hata sanduku, mama mmoja akapiga hodi, mkononi ana sahani ya mahamri.

"Rukia yupo?"

"Ni mimi," nikasema, ingawa Rukia alikuwa mpangaji aliyenitangulia.

Akanitazama usoni kwa muda, kisha akanipa sahani.

"Niwie radhi, Rukia. Nimechelewa kuirudisha."