Pamba Kwenye Nywele za Luhende

Pamba ilikuwa kwenye nywele za Luhende tena. Milembe aliiona alipoinama kumnawisha mikono: vinyuzi vyeupe juu ya sikio, na kimoja kimenasa kwenye nyusi.

Pamba yao ilikwisha kuuzwa zamani. Shambani yalibaki mabua tu.

"Umetoka wapi?"

"Kituo cha kununulia pamba. Nilipita kumsalimia karani, Selestini."

Sauti yake ilikuwa ikikwaruza na macho yake yalikuwa mekundu. Milembe akamnusa kijanja. Hakunuka gongo, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

Kabla ya kula, Luhende alifumba macho kama alivyofanya kila jioni tangu wamzike Gloria, mtoto wao wa pekee. Katekista Athanasi alikuwa amefundisha kwamba nyumba iliyofiwa isisahau kushukuru, na Luhende alilishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Alishukuru kwa ugali, kwa maziwa, kwa ndama aliyezaliwa. Milembe alipojifuta macho kwa khanga, akamwambia kwa upole, "Mke wangu, tushukuru. Usilie."

Milembe hakuchukia kushukuru. Yeye pia alikuwa na mengi ya kushukuru, kwa maana Gloria alikuwa mtoto wa kucheka. Lakini kila alipolitaja jina hilo, Luhende aliinuka akaenda kutazama ng'ombe. Hata kaburini hakutoa chozi. Mwanamume asiyemlilia mwanawe, Milembe aliwaza, ana mahali pengine pa kufurahia.

Nyanjige, jirani yake, alilisema bila kuzunguka walipokuwa kisimani.

"Tangu waruhusu wanunuzi binafsi, makarani wa pamba wamekuwa watemi. Huyo Selestini ana ghala, ana ufunguo, na pamba imelala humo kama godoro. Unadhani mumeo anaenda kuchambua mbegu?"

"Labda wanaongea tu."

"Mlango umefungwa, dada. Wanaongea nini na mlango umefungwa?"

Jumamosi Luhende alioga, akavaa shati la kanisani, akaondoka. Milembe akafunga nguo zake kwenye kitenge. Kama kuna mwanamke ghalani, hatarudi tena nyumbani Migato. Ataondokea hapo hapo hadi kwa baba yake, kijijini Mwamanyili, na habari ya ng'ombe wa mahari wataijua wazee. Akamfuata mumewe kwa mbali.

Kituo kilikuwa kando ya barabara ya Bariadi. Mizani ilikuwa imefunikwa turubai, kwani ununuzi ulisimama mpaka lori lije. Hata hivyo wanaume wawili walikuwa wameketi kwenye benchi ukutani: katekista Athanasi, na Masele, kamanda wa sungusungu, upinde wake mapajani. Hakuna aliyekuwa na hata gunia moja la pamba. Walipomwona Milembe, wote wakainamisha macho.

Selestini akaruka kutoka kwenye kiti, akasimama kati yake na mlango wa ghala.

"Mwadila, mayu," akamsalimia kwa heshima. "Leo hatununui."

"Sikuleta pamba. Nimemfuata mume wangu."

"Ana shughuli kidogo. Keti hapo kivulini, atatoka."

"Shughuli na nani?"

Selestini akamtazama Masele. Masele akatazama katambuga zake miguuni.

Kumbe wote wanajua, Milembe aliwaza. Hata katekista. Wanalindiana zamu.

Ndipo akaisikia sauti ya Luhende kutoka ndani, nzito na laini, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu walipooana.

"Wabeja, asante sana. Wewe ndiye uliyeichekesha nyumba yangu. Nimekukumbuka wiki nzima. Milembe akiwapo siwezi hata kulitaja jina lako."

Milembe akamsukuma Selestini pembeni, akafungua mlango.

Pamba ilikuwa imejaa hadi karibu na bati. Luhende alikuwa peke yake. Alikuwa amepiga magoti na kuuzamisha uso ndani ya lundo, mahali palipokwisha kubonyea kama kiota kwa vichwa vya watu, na mgongo wake wote ulikuwa unatetemeka. Alikuwa akipiga kelele, lakini pamba iliimeza karibu sauti yote.

"Nashukuru kwamba nilikupata, Gloria. Na nina hasira, mwanangu. Nina hasira sana."

Milembe alisimama pale kizingitini, kitenge kikamponyoka mkononi.

"Mayu," Selestini akanong'ona nyuma yake, "kama unaingia, ingia. Halafu funga. Sauti inatoka nje."

Akaingia, akaufunga mlango kwa ndani. Punde, kwa mbali, wakasikika wawili wakilia.

Kwenye benchi, kamanda wa sungusungu akashusha pumzi, akauegemeza upinde wake ukutani.

"Basi leo mimi na wewe tutachelewa, katekista," alisema. "Nami nimejikaza tangu Jumatatu."