Nta Katika Tundu la Kipanya

Mzee Kalinga hakuwa na cheti cha kompyuta, wala macho mazuri, wala mtetezi mbele ya wazee wa kanisa, ambao kesho wangeamua kama aendelee na ukatibu wa usharika.

"Kipanya cha kompyuta kimegoma tena? Pumzika sasa, Baba. Hizi kazi zinataka vijana," alicheka msaidizi wake, mwanawe wa ubatizo, akaenda zake.

Mzee aliizima kompyuta, akachomoa waya wa kipanya, akachokonoa tundu lake kwa sindano. Ikatoka nta nyeupe ya mishumaa ya altareni, imeshindiliwa hadi ndani.

Ufunguo wa kabati la mishumaa alikuwa nao kijana huyo peke yake.

Alichukua kalamu, akaandika yote. Akalamba bahasha, akaifunga, akampa bodaboda aipeleke Nyololo kwa mwenyekiti wa wazee.